Ukuta wa Vikwembe

Mama Lucienne alikuwa amejiahidi jambo moja, na hakumwambia mtu yeyote: shule hii nayo ikimkataa, ataacha.

Hakutaka kuacha kwa hasira. Hasira inataka nguvu, na nguvu zake zilikuwa zimebaki za kuteka maji na kupanda ngazi za kanisa tu. Alitaka kuacha kama mtu anavyotua beseni akifika kivulini, taratibu, bila kumwaga. Angekaa nyumbani kwake pale kambi ya reli, Kamina, apande lengalenga, ule mchicha wa kwao, nyuma ya jiko, asuke nywele za wajukuu, na historia ya wanawake ijifundishe yenyewe kama ina miguu.

Alichokuwa akiomba hakikuwa kikubwa. Saa moja kwa wiki. Watoto wa sekondari waambiwe wanawake wa hapa walifanya nini. Katika masomo yao wafalme wamo, wazungu wamo na tarehe zao, reli imo na mwaka ilipofika. Mwanamke ukimtafuta utamkuta mmoja tu, naye amewekwa pale kwa sababu alimzaa mfalme.

Shule ya kwanza walimpokea vizuri, wakamwambia, "Mama, ukuye tarehe munane ya mwezi wa tatu, sikukuu ya banamuke. Utavaa kikwembe, kitenge ya muzuri, utasema kidogo, batoto batapiga mikono." Shule ya pili walisema programu imejaa. Shule ya tatu walimkalisha barazani tangu asubuhi mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia, na mkuu akapita mbele yake na funguo za gari mkononi. Lakini kulikuwa na zamu pale, mlinzi wa lango, mzee mwembamba, aliyemletea kiti chake mwenyewe na kipande cha katoni cha kujipepea. Mama Lucienne hakumkumbuka vizuri yule mkuu. Yule zamu alimkumbuka hadi vifungo vya koti lake.

Hii ya sasa ilikuwa shule ya nne. Mlango ulifunguliwa na Carine Bokungu, mwalimu wa historia. Carine ni mtoto wa askari. Baba yake alitoka mkoa wa Ekwateri, akamlea pale kituo cha jeshi, mahali ambapo watu wa Kongo nzima wanachota maji bomba moja. Ana mdomo mwepesi na moyo mwepesi vilevile. Alimwendea mkuu wa shule, ambaye huko wote wanamwita Prefe, akamwambia mpaka akachoka kusikia.

"Amekubali, Mama Lu," alikuja kusema. "Somo moja. Yeye mwenyewe atakaa mu darasa, atasikia. Kama anapenda, saa inaingia ku oreri, ku ratiba ya masomo. Kama hapendi, basi, njo imeisha, asituone tena."

"Asituone tena, njo alisema vile?"

"Alisema kwa Kifaransa. Ilikuwa na heshima kidogo."

Sasa ikabaki kumpata wa kusema. Mama Lucienne hakutaka kusimama yeye. Maneno yake yalikuwa yamekuwa kama wimbo uliochoka. Alimtaka Mama Musau, mjane wa fundi wa reli, anayeishi ng'ambo ya pili ya reli na kuuza karanga. Mama Musau alikuwapo gare, pale stesheni, mwaka ule treni iliyojaa watu ilipokwama. Wale wengine waliokuwapo walikuwa wamekufa, wamehama, au wamelala kitandani.

"Minyi nitasema nini ku masomo?" Mama Musau aliuliza. "Sikumaliza hata ya inne."

Mama Lucienne hakubishana. Alikaa, akavuta kikapu, wakamenya karanga pamoja mpaka jua likageuka. Akarudi tena siku nyingine, wakamenya tena. Mara ya mwisho Mama Musau alitupa maganda na kusema, "Weye utanimaliza karanga. Sawa. Nitakuya. Mais, lakini sina viatu."

Viatu vikaazimwa kwa jirani. Vilikuwa vikubwa, na jirani mwenyewe ndiye aliyepiga magoti akaweka vitambaa mbele, mahali pa vidole, kisha akavipangusa kwa mate na upindo wa nguo yake ili ving'ae.

*

Siku yenyewe Carine alikuwa amefanya kazi. Alitandika meza mbele ya darasa, akaweka maua mekundu ndani ya kikopo, chupa mbili za Fanta, na viti viwili vizuri vilivyotoka ofisini, vikikaribiana kama vya bibi na bwana harusi.

"Mama Musau hapa," alisema, "na Prefe hapa. Batoto baone kama mama anaheshimiwa."

Mama Musau akakaa, mikono mapajani. Darasa lilikuwa limejaa. Mama Lucienne akajibana kwenye benchi la kwanza kati ya wasichana wawili. Mmoja wao, aitwaye Masengo, alisogeza mkoba wake bila kuambiwa ili mama apate pa kuweka mguu wake mbaya.

Ndipo Prefe akaingia. Wanafunzi wakasimama. Alikuwa mtu mrefu, koti la kijivu, kalamu mfukoni. Alitembea mpaka kwenye meza, akaweka mkono juu ya kiti chake, akageuka kumsalimia mgeni.

Wakatazamana uso kwa uso.

Mama Musau alitoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Alivuta kikwembe cha juu akajifunika kichwa chote, akageukia ukuta. Prefe naye alirudi nyuma, akagonga meza, Fanta moja ikalala. Akainama mpaka koti likamfunika masikio, akatoka kinyumenyume, na wote wakasikia viatu vyake vikikimbia uani.

Nusu ya darasa walijishika midomo. "Yooo!" Nusu nyingine wakacheka.

"Kuko nini?" Carine alipiga kelele. "Nyoka?"

"Madamu," Masengo alisema, macho chini, "yule ni buko yake."

Kwa Baluba, wenyeji wa hapa, mtu na buko wake, yaani mama wa mke wake, hawatazamani usoni. Hawakai kiti kimoja wala viti vinavyokaribiana, hawali meza moja, hawaitani jina. Hilo halitoki kwenye uadui. Ni heshima, ila heshima nzito kiasi kwamba ukiiona kwa mbali utadhani ni woga. Na Carine, mtoto wa Ekwateri, alikuwa amewakalisha bega kwa bega na Fanta mbili.

Lakini kosa halikuwa la Carine. Mama Lucienne alilijua hilo pale pale, akiwa bado kwenye benchi, na uchovu ukamshukia kuanzia mabegani. Prefe huyu alikuja mwaka huu tu, ametoka Luena. Kila mtu alimwita Prefe. Hakuna aliyesema jina lake, Nicodème. Mke wake ni Ève. Na Ève ni mtoto wa marehemu Kabange, mdogo wake Mama Musau, naye Ève alilelewa Luena na nyanya yake. Mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako. Mama Musau alijua muko wake, mume wa Ève, amehamishiwa Kamina, lakini Kamina ina shule nyingi, na mama wa mke haulizi muko anafanya kazi mlango upi. Ilikuwa kazi ya Mama Lucienne kuuliza. Mtu wa hapa, kabla ya kukutanisha watu wawili, anauliza kwanza nani ameoa kwa nani. Hata mtoto anajua. Kwa kumenya karanga zote zile aliuliza wanawake walifanya nini. Hakuuliza wameozesha wapi.

*

Uani, Mama Musau alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji.

"Lucienne, umeniuza."

"Pardon, dada. Sikujua."

"Amenitazama mu macho! Nitasema nini kwa Ève? Nitasema mama yako alienda kutazama bwana yako, tena na viatu vya watu?"

Upande mwingine wa uwanja Prefe alikuwa amesimama nyuma ya mlingoti wa bendera, ambao haukumficha hata nusu. Mama Lucienne akavuka kumwendea. Uwanja ule haukuwa mpana, ila siku ile ulikuwa mpana.

"Mama, minakuomba pardon," Prefe alisema kwa sauti ya chini, na kweli alikuwa na aibu. "Haukufanya kwa ubaya. Mais hii kintu imekwisha. Siwezi kukaa kule ndani, na bila minyi kusikia, siwezi kutia saa ku oreri. Tutasema somo halikufanyika."

"Sawa, Prefe."

"Uende upumzike, mama. Unaonekana umechoka."

Alisema kwa wema, na ule wema ndio uliomwangusha. Kwa maana Mama Lucienne alisikia kitu kikifunguka kifuani mwake, na hakikuwa huzuni. Ilikuwa raha. Imekwisha. Amekataliwa bila ubaya wa mtu, hakuna wa kumlaumu, sasa anaweza kwenda nyumbani na kutua beseni. Aliona lengalenga zake zikiota. Alisimama na raha ile kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe, akitazama pembeni asionwe.

Akarudi nyuma ya tangi ili amwambie Mama Musau waende. Lakini Masengo alikuwa amefika kabla yake, na wasichana wengine wawili nyuma yake, na Carine akikaribia na chupa ya Fanta iliyonusurika.

"Kambo," Masengo alikuwa akimwambia Mama Musau, akimwita nyanya kama wanavyofanya watoto wa hapa, "ku kilio ya baba mukubwa, buko alikuya, na muko alikuwa pale, nyumba ni moja. Balishika kikwembe katikati. Kila mutu akalia ku upande yake."

Mama Musau alitoa jicho moja nje ya nguo.

"Ni kweli," alisema polepole. "Ku kilio banafanyaka vile."

"Basi tufanye vile," Carine alisema. "Kikwembe iko." Na alikuwa amevaa viwili, cha juu kikiwa cha tarehe nane Machi ya mwaka uliopita, chenye picha za wanawake wanaonyosha mikono. Akakifungua kiunoni. "Hii kintu nililipa bei, ikatembea siku moja, ikalala mu sanduku. Leo itafanya kazi."

Mama Musau akamtazama Mama Lucienne. "Weye unasema nini?"

Raha yake ilikuwa bado mkononi. Mama Lucienne aliitazama mara ya mwisho.

"Kama weye unaweza," alisema, "minyi naweza."

*

Hapakuwa na msumari wala kamba. Wasichana wawili warefu, Masengo na mwenziwe, walipanda juu ya benchi, kila mmoja akashika pembe za kikwembe na kuinua mikono. Nyuma ya nguo akaketishwa Mama Musau. Prefe aliingia akijifunika uso kwa daftari la mahudhurio, akaenda mpaka nyuma kabisa, akakaa akielekea dirisha. Darasa halikuona kitu cha Mama Musau isipokuwa viatu vya jirani, vinavyong'aa, visigino vikining'inia.

Mwanzo sauti yake haikufika hata benchi la pili.

"Nguvu kidogo, mama," mvulana mmoja alisema.

"Weye uje na masikio," sauti ikajibu nyuma ya nguo, na darasa likacheka, na hapo ndipo alipoanza kweli.

"Mwaka ile, bantu ya Kasaï balifukuzwa ku Katanga. Mulisikia?"

Wengine walikuwa wamesikia. Wengine walitazama madaftari yao. Mvulana mmoja wa benchi la katikati, Kabeya, ambaye jina lake lilisema kwao ni Kasaï, aliacha kucheza na kalamu.

"Balibatia mu treni. Treni ikafika hapa, ikasimama. Lokomotivu haiko. Siku inapita, ingine inapita. Bantu bamejaa mu mabehewa, bamejaa juu ya quai, pale bantu banapandiaka treni, na mvua ya ile mwezi munaijua. Batoto banalia mpaka sauti inakatika. Siye mu kambi tulikuwa tunasikia usiku, tunafunga dirisha. Ukifunga dirisha unasikia tu.

"Bwana yangu aliniambia: 'Usiende kule. Batatutazama mubaya.' Nikasema, ndiyo, bwana. Akaenda ku kazi. Nikatwala beseni."

Wasichana wakacheka.

"Ile kucheka minakubali. Nikatia bukari, ile ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikafunika, nikapita njia ya nyuma ili bantu basinione. Njiani ninakuta Kaumba, bibi ya mashinisti, ule mwenye kuendesha treni. Naye na beseni, naye njia ya nyuma. Hatukusalimiana. Kila mumoja haya. Tunafika ku gare, tunakuta bengine. Bote balipita njia za nyuma! Kila mama alizania anaenda peke yake."

Viatu vikasogea kidogo.

"Sasa kulikuwa mama mumoja, benzake banamuita Mbombo. Uchungu ukamukamata pale pale, mu macho ya bantu. Hakuna chumba, hakuna majani, hakuna kitu. Askari banaangalia, bauza-ndizi banaangalia. Kaumba akafungua kikwembe yake. Akabaki na jupo, nguo ya ndani. Bibi ya mashinisti, ku gare, na jupo! Nikafungua yangu. Tukafungua bote. Tukasimama hivi, muzunguko, mikono juu, tukafanya ukuta.

"Munazania mutoto anatokaka mbio? Ule alikuwa na shauri yake. Mikono ilichoka. Kwanza inauma, kisha inakuwa ya mutu mwingine. Kaumba alikuwa analia, machozi mpaka ku shingo. Hakushusha."

Kikwembe cha tarehe nane Machi kilikuwa kinatetemeka. Kilikuwa kimeanza kutetemeka mapema zaidi, lakini sasa wote walikiona. Masengo alikuwa ameuma mdomo wa chini. Msichana mmoja akainuka kutoka nyuma, mnene, mwenye miwani, akapanda benchi, akaweka mkono wake chini ya mkono wa Masengo kuushikilia. Kisha Kabeya akainuka akaenda upande wa pili, akafanya vivyo hivyo, masikio yamemwiva kwa aibu.

Mama Lucienne aliona yote hayo. Aliyaona vizuri kwa sababu alikuwa amechoka mno kufanya lingine lolote.

"Mutoto alikuwa binti," Mama Musau alisema. "Tulimuona mara moja. Kesho yake lokomotivu ikakuya, treni ikaenda."

"Aliitwa nani, kambo?"

"Sijui. Jina ni ya kwabo. Siye kazi yetu ilikuwa mikono." Akafikiri. "Ku kambi bengine balitutukana. 'Bibi ya Bakasaï,' tukipita. Bwana yangu hakusema neno mwezi muzima. Kisha siku moja aliniletea kikwembe mupya. Akatupa ku kitanda, akatoka. Basi. Ni ile tu."

*

Prefe alikohoa. Bado alikuwa ameelekea dirisha.

"Madamu Carine, uulize mama jambo moja."

Carine akasimama katikati ya darasa, asijue amwelekee nani.

"Mama, Prefe anasema..."

"Nimesikia, si kiziwi," sauti ikasema. "Mais uniambie. Njo inavyofanyikaka."

"Uulize mama," Prefe akaendelea, "kuko wazazi hapa basiotaka hii habari ikumbukwe. Bengine juu balifukuza, bengine juu balifukuzwa. Tukiifundisha, hatutaamsha ugomvi?"

Carine akarudia yote, neno kwa neno, huku darasa likigeuza vichwa huku na huku.

"Ambia muko yangu," Mama Musau alisema, "bale baliofanya ugomvi, ni historia ya nani balifundishwa? Si ya beseni. Ya beseni hakuna aliyebafundisha."

"Prefe, mama anasema..."

"Nimesikia. Ambia mama anasema vizuri. Ambia mama pia programu imejaa. Kuko inspekta. Minyi si mwenye shule peke yangu."

Carine alifungua mdomo, lakini Mama Musau hakungoja.

"Ambia muko yangu kama minyi sikuuliza programu. Tangu aoe kwetu, minyi sijamuomba kitu. Si sukari, si paa ya nyumba. Leo ninaomba. Ninaomba saa moja."

Watoto wa Kiluba ndio walioelewa kwanza. Muko hamkatalii mama wa mke wake. Anaweza kuchelewa, anaweza kuuza koti lake, lakini hakatai. Na huyu alikuwa ameombwa mbele ya mashahidi darasa zima. Masengo, mikono juu, alianza kutabasamu na midomo iliyoumwa.

Prefe alivua miwani. Akaifuta. Kisha akasahau Carine, akasahau Kifaransa, akajibu kwa Kiluba, ameinamia dirisha, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa na wazee:

"Eyo, vidye."

Ndiyo, bwana mkubwa. Ndivyo mtu anavyoitika anapoinama.

Mikono ya Masengo ikashuka hapo tu, Prefe alipokwisha kutoka, na wenzake wakaiminya kama watu wanaokamua nguo.

*

Saa ilitiwa siku ya Ijumaa, ya mwisho kabisa, wakati ambapo watoto wana njaa na nusu yao wanaruka dirishani. Carine alileta habari kutoka ofisini huku akiapa kwa Kilingala. Mama Lucienne hakuapa. Saa ni saa.

Prefe alifanya mambo mawili mengine kabla hawajaondoka. Alisema Fanta iliyobaki wagawane wale walioshika kikwembe. Na alituma kuku, kuku jike mweupe, amefungwa miguu kwa uzi mwekundu, aletewe Mama Musau ili kufuta kosa la kutazamana. Alimkabidhi Carine kwa mikono miwili. Carine naye alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameanza kujifunza.

Wakatembea, Mama Lucienne na Mama Musau, kando ya reli. Karibu na gare kuna mbao nene za reli zilizong'olewa na kusahauliwa nyasini. Mama Musau akakaa juu ya moja, akamweka kuku mapajani, akavua viatu, akavikung'uta mavumbi.

"Umechoka," alisema.

"Nimechoka, dada."

"Prefe aliposema imekwisha, niliona uso yako. Ulikuwa unafurahi."

Mama Lucienne akamgeukia kuku. Kuku alimtazama kwa jicho moja.

"Minyi sikukasirika," Mama Musau akaendelea. "Ku gare vilevile, mikono ilipochoka, nilimwomba Mungu yule mutoto ashindwe kutoka, tushushe. Mungu anajua. Alisikia, akanyamaza."

Wakakaa. Treni hazipiti mara nyingi siku hizi. Nyasi zimeota kati ya vyuma, na mbuzi wa mtu alikuwa akizila bila haraka. Mama Lucienne alikuwa na jambo lililomkaa vibaya. Miaka yote hii alisimama mikutanoni akisema mila zinawafunika wanawake. Alikuwa na maneno mazuri, aliyapanga, aliyabeba shule kwa shule, na hakuna aliyeyajali. Leo mila imemfunika mwanamke uso mzima, ikamwachia mdomo, na kwa mdomo ule saa imepatikana. Hakujua kama ameshinda au ameazimwa ushindi, kama viatu vile. Alitaka kulisema hilo kwa sauti, akaona litachukua nguvu.

"Prefe alikubali juu yako," alisema tu. "Si juu ya historia."

"Na bwana yangu alininunulia kikwembe juu ya nini? Sikuuliza. Nilivaa." Mama Musau akafunga viatu pamoja kwa kamba zake, akavitundika begani. Vilipaswa kurudi safi. "Ijumaa nani atasema?"

"Sijui. Weye umeshasema."

"Kuko Kaumba."

"Kaumba anashinda kitandani, dada. Miguu haimubebi."

"Miguu. Mudomo unamubeba. Batoto bataenda kwake. Si mbali, ni hapa ku kambi, nyumba ya tatu kutoka ku bomba."

"Ijumaa, saa ya mwisho, mu jua, batoto bataenda?"

"Bale bane balioshika bataenda."

Mama Lucienne alihesabu kichwani: amwombe Kaumba, amwombe mtoto wake mkubwa ambaye ni mkali, amwombe Prefe ruhusa ya kutoka na wanafunzi, amwombe Carine asilete Fanta. Kuomba, kuomba. Saa ile aliyoililia ilikuwa imefika, na kumbe ilikuja na kazi yake mgongoni kama mgeni anayekuja na watoto wote. Zile lengalenga hazingepandwa mwaka huu.

"Nitaenda kumuona kesho," alisema.

"Kesho nini? Kaumba mwenyewe hana kesho nyingi." Mama Musau akasimama kwa shida, akamwegemeza kuku kifuani. "Tuende sasa, jua iko. Hii kuku tutampelekea. Muko yangu alilipa juu ya macho. Juu ya mikono, hakuna aliyelipa."

Akanyosha mkono wake ulio huru. Mama Lucienne aliushika, na kwa kuwa wote wawili walikuwa wamechoka, haikujulikana vizuri nani alimwinua mwenzake. Wakavuka reli, mmoja peku, mwingine akichechemea, wakaelekea bomba.